Barua za Taipu

Mgeni alifika Jumatatu asubuhi, Esnah akianika wimbi uani. Alikuwa mtu wa makamo mwenye koti la kijivu, na viatu vyake viling'aa ingawa mvua za Aprili zilikuwa zimeigeuza njia yote ya Ikonge kuwa tope. Alivua kofia kabla hajapita penye ua.

"Bwakire, mama."

"Bwakire. Karibu."

Akajitaja jina, Walter Machogu, mwenye duka la mabati na misumari huko Keroka. Akaomba kwa adabu aruhusiwe kuzunguka kidogo shambani. Esnah alidhani ni mtu wa majani chai. Watu wa majani chai nao walikuja hivyo hivyo, na makoti yao, wakahesabu mashina na kuandika. Akamwambia azunguke tu, wala asimwogope mbwa, mbwa mwenyewe mzee.

Mgeni aliipima nyumba kwa hatua, mbele kisha ubavuni, midomo ikimcheza kwa hesabu. Aligonga nguzo ya kibaraza kwa kifundo cha kidole. Akarudi nyuma akalitazama paa, ameinamisha kichwa upande kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. Halafu akateremka kwenye chai, akachuma majani mawili na chipukizi lake, akayanusa. Alipopanda tena, Esnah alikuwa amekwisha kumwekea uji wa wimbi kwenye kibuyu. Mgeni ni mgeni, hata akiwa amekuja kuhesabu.

"Uji mzuri huu," alisema baada ya mafunda mawili. "Mama, nina neno nataka kukuambia mapema, usije ukaniogopa bure. Mimi si mtu wa kutupa watu nje. Hata nikishinda Alhamisi, haya mahindi mtayavuna ninyi. Kaeni mpaka mwezi wa nane. Na mke wangu anasema vivyo hivyo."

Esnah alikuwa ameshika ungo. Hakuuweka chini.

"Kushinda nini Alhamisi, baba?"

Walter Machogu alimtazama. Akautazama uji. Rangi ya uso wake ikabadilika polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani asijue ni nini.

"Mnada," alisema. "Hamkuambiwa?"

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akamwachia aisome mwenyewe. Esnah alikuwa amefika darasa la saba, na Kiingereza cha karatasi ile hakikuwa kigumu. Palikuwa na namba ya shamba. Palikuwa na jina la mumewe, Thadeus Onsongo. Ekari tatu na nusu, chai iliyokomaa, nyumba moja ya kudumu ya mabati, jiko, zizi. Hata zizi walikuwa wameliandika. Tarehe 12 Aprili 1973, saa nne asubuhi, Kisii.

Alisoma tena kutoka juu. Maneno hayakubadilika.

"Mimi niliona tangazo tu," mgeni alisema. "Nikadhani nyumba yenyewe inajua." Akamaliza uji kwa haraka, kwa kuwa kuuacha kungekuwa tusi, akaaga, akaondoka ameshika kofia mkononi mpaka alipopotea kwenye kona. Esnah alipoinua kibuyu alikuta chini yake sarafu ya shilingi. Alikaa ameitazama. Katika miaka yake kumi na mmoja ya ndoa hakuna mtu aliyewahi kumlipa uji nyumbani kwake, kama hoteli.

Thadeus alirudi adhuhuri kutoka kituo cha kuuzia majani chai, kikapu kitupu mgongoni. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache, ambaye akikasirika hunyamaza na akifurahi hunyamaza vilevile. Esnah alimpa karatasi kabla hajampa maji.

"Alhamisi gani hii?"

"Hii hii. Mtondo."

"Haiwezekani. Walisema wataandika."

Na kweli walisema. Mwaka wa sabini Thadeus aliweka hati ya shamba rehani kwenye shirika la mikopo, akanunua ng'ombe wawili wa gredi na waya wa kuzungushia. Alilipa bila kukosa mpaka mmoja wa ng'ombe alipokufa kwa ndigana na mwenzake akakauka maziwa. Mwezi wa kumi na moja alikwenda mwenyewe Kisii kueleza shida yake kabla haijaelezwa na watu wengine. Karani akamsikiliza, akaandika kitu, akamwambia: nenda nyumbani, utaandikiwa. Naye akaenda nyumbani, akangoja kuandikiwa.

Kuandikiwa kwa watu wa mlima ule kulikuwa na njia moja. Sanduku la posta lilikuwa la kanisa, huko Nyamira. Kila Ijumaa mzee wa kanisa alipanda baiskeli akaenda kulifungua, na kesho yake, Sabato, baada ya ibada, alisimama mlangoni akaita majina. Aliyeitwa alipokea barua yake kwa mikono miwili. Miezi mitano jina la Thadeus lilikuwa halijaitwa. Kuuliza mambo ya mikopo siku ya Sabato hakukuwa na adabu, basi hawakuuliza. Walisimama tu mahali ambapo wangeonekana.

"Huenda wamekosea shamba," Thadeus alisema.

"Wamekosea na zizi?"

Thadeus alikaa juu ya kikapu chake, na kikapu kikabonyea.

*

Jumanne saa tatu walikuwa Kisii, kwenye benchi la shirika, pamoja na watu wengine sita. Karani alikuwa kijana aliyechana nywele njia upande mmoja. Alimsemesha Thadeus peke yake, ingawa aliyeshika karatasi ni Esnah.

"Mzee, unasema hukuandikiwa. Tazama." Aligeuza faili. "Nakala hii. Ilani ya miezi mitatu. Ulipe malimbikizo, au shamba liuzwe kwa mnada. Tarehe tatu Januari."

"Sikuiona."

"Hukuiona, lakini ilikufikia. Sheria haisemi uione. Inasema itumwe kwa rejesta kwenye anwani uliyotupa wewe mwenyewe." Akafunua ukurasa mwingine. "Na ilichukuliwa. Hii hapa sahihi."

Kwenye benchi mtu mmoja alicheka chini chini. "Hao ni Wasabato. Labda ilifika Jumamosi wakaiambia irudi Jumapili." Wenzake wakacheka pia, si kwa ubaya sana. Ni namna watu wanavyocheka wakiwa wanangoja zamu yao.

Thadeus hakusikia. Alikuwa ameinama juu ya kile kipande cha karatasi. Yule aliyetia sahihi alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, na herufi yake ya kwanza ilikaa imechutama, miguu imeachana, kama mbuzi anayekojoa. Ukoo mzima waliijua M ile. Ilikuwa kwenye Biblia ya nyumba, kwenye milango ya ghala, kwenye mipini ya majembe.

Nje, Thadeus alikaa kwenye ngazi.

"Ni baba," alisema.

"Nimeona."

"Alitia sahihi."

"Labda alisahau."

"Baba hasahau, Esnah. Baba anamkumbuka mbuzi aliyemkopesha mtu mwaka wa nzige." Alikuwa akikwangua tope viatuni. "Aliichukua barua ya kuniuzia nyumba, akanisalimu Sabato baada ya Sabato."

Esnah alikaa karibu naye. Mzee Manasseh, baba mkwe wake, alikuwa mkali lakini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefanywa mzee wa kanisa, mwenye ufunguo wa posta, mwezi wa kumi na moja, na tangu hapo hata mishumaa ilihesabiwa. Mtu wa namna hiyo hufichaje barua ya mwanawe?

"Tutamwuliza leo," alisema.

"Nani atamwuliza?"

Hilo ndilo lililokuwa swali. Abagusii wana heshima waiitayo chinsoni, na haina mchezo. Mtoto wa kiume hamwulizi baba yake jambo la kumvua nguo. Na mke wa mtoto, mokamwana, ndiyo kabisa: Esnah hakuwa amewahi kukaa chumba kimoja na baba mkwe wake, wala kulitamka jina lake, wala kumtazama machoni. Walipokutana njiani, mmoja alishika ukingo huu na mwingine ule.

"Mimi siwezi," Thadeus alisema. "Naapa siwezi. Afadhali nyumba."

"Afadhali nyumba?" Esnah alimgeukia. "Ulale wapi na hiyo afadhali yako?"

*

Njia ilikuwapo, maana wazee waliotunga heshima hawakuwa wajinga. Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, Esnah aliingia jikoni kwa mama mkwe wake, Nyamoita, akakaa karibu na meko. Nyuma ya ukuta wa udongo, upande wa nje, ndipo Mzee Manasseh alipoketi kila jioni na kigoda chake. Kikohozi chake kilisikika. Kila neno la jikoni lilimfika, na la kwake lilifika jikoni, na hakuna aliyekuwa akisema na mwenzake.

"Mama," Esnah alianza, akiutazama moto, "mwulize mwenye nyumba kama aliwahi kuchukua barua ya mwanawe posta."

Nyamoita hakuwa na haja ya kurudia.

"Nyamoita," sauti ya mzee ilisema, "mwambie mokamwana barua ya Thadeus ipo. Zipo tatu. Ni za taipu."

"Mama, mwulize mbona haikuitwa."

"Mwambie barua za taipu ni kazi na fedha. Haziitwi Sabato mlangoni pa Mungu. Yule mzee aliyenitangulia alikuwa akiziita pamoja na za salamu, na watu wakasimama kanisani wakizungumza bei ya majani. Nilikomesha. Zinakaa sandukuni mle kanisani, mwenyewe anakuja Jumapili asubuhi kuchukua. Kila Jumapili nakwenda kufungua. Nakaa mpaka saa tano. Hawaji."

Nyamoita alisimamisha mwiko.

"Mama, mwulize nani aliwaambia watu waje Jumapili."

"Nilisema kwenye kikao cha wazee."

"Mwulize wazee walimwambia nani."

Kikohozi. Kuku alipita mlangoni, akatazama ndani, akapita.

"Na mwanangu," mzee alisema, sauti imepungua, "mokamwana ajue sikumpelekea kwa sababu watu wangesema Manasseh ana barua za kanisa na barua za nyumbani kwake. Nilitaka zote zikae sawa." Akangoja. "Nyamoita, mwulize ilikuwa barua ya nini."

Nyamoita alimtazama mke wa mwanawe. Kwa mara ya kwanza mama yule, aliyezoea kupeleka maneno huku na huku kama maji, alikataa kuyabeba. Akatikisa kichwa. Basi Esnah aliugeukia ukuta.

"Ya kuuza nyumba yetu, baba," alisema. "Inauzwa Alhamisi."

Nje kigoda kilianguka. Esnah alikuwa amemsemesha mwenyewe. Hakuna aliyemkemea.

*

Sanduku lilikuwa la sabuni, la mbao, lililowekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya mimbari. Mzee Manasseh alilifungua kwa ufunguo uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Thadeus alisimama mlangoni. Esnah alisimama nyuma ya Thadeus.

Barua zilikuwa kumi na nne, zimefungwa kwa kamba ya mgomba, zimepangwa kwa ukubwa. Hata kona moja haikuwa imekunjwa. Mzee alikuwa amezitilia dawa ya mende, na kila mwezi, alisema, alizipangusa vumbi. Alisema hivyo bila kujitetea, na Esnah, aliyekuja na hasira yake imeiva, alijikuta hajui aiweke wapi.

Thadeus alipopewa zake alishika ya kwanza ili aipasue.

"Usirarue bahasha," baba yake alisema. "Tumia kisu."

Lilikuwa neno la mtu ambaye hakuwa na neno jingine. Alikunjua kisu chake cha mfukoni akampa mwanawe. Mzee alisoma Biblia ya Ekegusii bila kigugumizi, lakini Kiingereza kwake kilikuwa mistari tu. Esnah akasoma. Ilikuwa ile ile waliyoonyeshwa Kisii, na zile mbili nyingine zilirudia hayo hayo. Miezi mitatu. Malimbikizo, shilingi mia sita na arobaini. Kama sivyo, mnada.

"Mia sita?" Mzee Manasseh aliuliza. "Si shamba lote? Mia sita tu ndizo zilizotakiwa?"

"Ndizo, baba," Thadeus alisema.

"Fahali wangu ana mia saba." Alikaa kwenye ukingo wa sanduku. "Fahali wangu anakula majani tu pale, siku zote hizi."

*

Jumatano walikwenda watatu. Mzee alivaa tai ya Sabato. Nje ya ofisi za wilaya, barazani, walikaa watu wenye mashine za taipu waliowaandikia wengine barua za serikali kwa malipo, na mmoja wao, Omwenga, alijulikana kuwa mtu asiye na haraka. Alisoma ilani mara mbili. Kisha akanyosha mkono.

"Bahasha."

"Barua ndiyo hiyo," Thadeus alisema.

"Barua nimeiona. Nataka bahasha. Watu wananiletea barua, bahasha wamewashia moto, halafu wanalia hapa." Esnah alimpa. Omwenga aliiinua kwenye mwanga, akaizungusha taratibu ausome muhuri wa posta. "Hee. Ninyi mna bahati au mna akili?"

"Hatuna vyote viwili," Esnah alisema.

Omwenga alicheka mpaka miwani ikamshuka. "Sikilizeni. Karatasi inasema tarehe tatu Januari. Muhuri unasema imetiwa posta tarehe tisa Februari. Mwezi mzima na zaidi ililala kwenye meza ya mtu. Miezi mitatu haihesabiwi tangu ilipopigwa taipu. Inahesabiwa tangu ilipowafikia. Nani aliichukua posta, na lini?"

"Mimi," Mzee Manasseh alisema. "Ijumaa ya tarehe kumi na sita Februari. Mvua ilininyeshea Nyansiongo nikirudi… hapana, si Nyansiongo, hapo hapo Nyamira."

"Basi hawawezi kuuza kabla ya tarehe kumi na sita Mei. Kesho ni haramu." Omwenga alitia karatasi kwenye mashine. "Mzee, nitaandika kwamba uliipokea tarehe hiyo, nawe utatia sahihi."

"Andika pia kwamba sikumpa mwenyewe."

"Hilo halina haja. Sheria haijali kama ulimpa."

"Andika."

"Mzee wangu, halikusaidii kitu, na ni aibu yako bure. Ofisini humu watasoma, na kesho soko zima litajua."

"Wewe unalipwa kuandika," Mzee Manasseh alisema. "Andika kwamba niliiweka sandukuni siku hamsini na nne."

Omwenga aliwatazama Thadeus na Esnah ili wamsaidie. Thadeus alikuwa akitazama viatu vyake. Esnah alikuwa amehesabu kichwani na kukuta zilikuwa hamsini na tatu, maana waliitoa jana. Mzee alikuwa amejiongezea moja. Akamwachia. Mashine ikalia.

Meneja wa shirika aliwaona saa sita. Alisoma karatasi ya Omwenga akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Akamwita yule karani wa nywele za njia, wakanong'ona wakiwa wamewapa mgongo. Neno moja lilisikika: "…na hamkutazama?" Aliporudi hakuomba radhi. Alisema mnada wa kesho umeahirishwa, na kwamba malimbikizo yakilipwa kabla ya tarehe kumi na sita Mei jambo litakuwa limekwisha.

"Nina fahali," Mzee Manasseh alimwambia.

"Sisi hatupokei fahali, mzee. Tunapokea fedha."

"Najua. Nakuambia tu kwamba nilikuwa naye."

Karani alinyosha mkono. "Hiyo bahasha iacheni, iingie kwenye faili."

Thadeus alikwisha kuitoa. Esnah aliichukua mkononi mwake kabla haijavuka meza, akaikunja ndani ya kitambaa, akakitia kifuani.

"Faili mnalo la kwenu," alisema. "Hili ni la kwetu."

Watu wa kwenye benchi hawakucheka. Mmoja wao, mwanamke mzee, alianza kupekua kikapu chake akitafuta kitu.

*

Alhamisi saa nne, saa ambayo nyumba yake ingekuwa ikiuzwa, Esnah alikuwa njiani nyuma ya baba mkwe wake. Mzee alikuwa amekuja mwenyewe mpaka mwanzo wa ua, akasimama mbali, akamwambia Thadeus amwulize mokamwana kama angekubali kuwasomea watu. Barua zilizobaki zilikuwa kumi na moja. Alitaka ziishe leo. Alibeba lile sanduku la sabuni kichwani, mzee wa miaka sabini, na alikataa kusaidiwa.

Walikwenda hivyo nyumba hadi nyumba, yeye mbele, Esnah hatua ishirini nyuma. Mlangoni mzee alisema maneno yale yale kila mara: "Hii ni yako. Niliikalia. Nisamehe." Nyingine zilikuwa ndogo: risiti ya mbolea, ilani ya mkutano wa kiwanda uliokwisha kupita. Nyumba moja waliangua kicheko. Nyumba nyingine kijana alisoma barua yake akisimama, akaisoma tena, akaingia ndani bila kuaga. Alikuwa ameitwa kazini Kericho, afike tarehe mbili Machi. Mama yake alibaki mlangoni akiwatazama, hakuwalaani, na hilo Esnah aliona gumu kuliko laana.

Ya mwisho ilikuwa na bahasha ya buluu. Esnah aliijua rangi ile ya shirika, sawa na ya bahasha yao, kabla mzee hajaitoa. Jina lilikuwa Onyancha.

"Onyancha tulimzika mwaka juzi," mzee alisema. Alikuwa akisema na njia, si na yeye. "Yupo mjane wake."

Nyaboke, mjane wa Onyancha, alikuwa akijenga jiko jipya. Fito zilikuwa zimekwisha kufungwa, na yeye mwenyewe alikuwa akikandika udongo, mikono myekundu mpaka viwikoni, akiimba wimbo wa Sabato. Alipowaona alipiga kelele za furaha.

"Hee! Mzee wa kanisa kwangu siku ya kazi! Na amekuja na mokamwana, dunia imekwisha. Msinipe mikono, mtageuka ukuta."

"Una barua," Mzee Manasseh alisema, ametua sanduku. "Niliikalia. Nisamehe."

"Barua? Mimi sina mtu wa mbali."

"Imeandikwa kwa marehemu."

Nyaboke alicheka, akajipangusa paji la uso kwa mkono, akaacha mstari wa matope. "Huyo alikuwa na marafiki! Mpaka leo wanamtafuta. Kama anadai, wanilipe mimi. Kama anadaiwa, wamfuate huko aliko."

Mzee alikunjua kisu, akaifungua bahasha kwa uangalifu, akamnyoshea Esnah karatasi. Esnah alisoma kimya. Onyancha naye alikuwa ameweka hati rehani, kabla ya ugonjwa, na ilionekana hakumwambia mtu. Ilani ilikuwa ya tarehe nne Desemba. Mnada, ilisema, tarehe kumi na tano Machi.

Aliichukua bahasha mkononi mwa mzee. Muhuri wa posta: tarehe sita Desemba. Hapakuwa na meza iliyoilaza hii. Ilifika Nyamira mara moja, na mzee aliichukua Ijumaa ya tarehe nane. Alianza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kulia. Januari, mmoja. Februari, miwili. Machi, mitatu. Kisha siku saba juu yake. Akahesabu upya kwa mkono wa kushoto, akianzia kidole kingine, kana kwamba miezi ingeona haya ikabadilika. Wiki nne zilikuwa zimepita tangu siku ile ya mnada. Mahali fulani, Keroka au Kisii, palikuwa na mtu ambaye shamba hili lilikuwa lake tayari, na jiko hili, na udongo uliokuwa bado unadondoka kwenye fito.

Mzee Manasseh alikuwa akivitazama vidole vyake. Alivifuata hadi mwisho, vya kulia na vya kushoto, na viliposimama alielewa. Alivua kofia. Akasogea akasimama ubavuni mwa mke wa mwanawe, bega karibu na bega, karibu kuliko heshima ilivyoruhusu.

"Msomee," alimwambia yeye mwenyewe, si ukuta, si njia. "Mimi nitamwambia ni nani aliyeiweka."

Nyaboke alikuwa amenawa mikono kwenye kata ya maji. Aligeuza karai la udongo, akalikalia, akavuta leso kufunika magoti, akainua uso.

"Haya, mama," alisema. "Wanasemaje?"